Kipimo cha Sukari cha Tabaka Tatu

Jumatatu, 10 Machi 2025, Nyasubi
Mke wangu Elieth kaanza tena. Eti nakunywa maji kama ng'ombe, chooni siishi kwenda, suruali zinanivuka, nikapime sukari zahanati. Niende! Mpimaji wa pale ni Sostenes, kaka yake, aliyenitangaza msibani kwamba sijawahi kumaliza jambo. Hanichomi kidole huyo.

Nitajipima mwenyewe. Nimesoma kwenye simu: wataalamu wanatandaza chembe za dhahabu, ndogo hata jicho halizioni, juu yake dawa inayotambua sukari. Dhahabu! Wanahangaika nayo maabara, na mimi ninayo kwenye kichupa tangu nilipofukuzwa machimboni Geita.

Jumanne, 11 Machi
Nimenunua vijiti vya kupimia sukari duka la dawa, nikakwangua dawa yake. Tabaka la kwanza kipande cha boksi, la pili vumbi la dhahabu, la tatu dawa. Haishiki! Nimepiga chafya, nusu ya utajiri wangu ikaenda.

Bahati nzuri mama mkwe kaja kutoka Ushirombo na dumu la asali. Inanata kuliko gundi yoyote. Nimepaka kila tabaka, nikapata vipimo vinne. Safi kabisa. Vidole nimelamba.

Alhamisi, 13 Machi
Mungu wangu! Nimetema mate kwenye kipimo, kimegeuka kahawia. Kahawia ni sukari! Nimekaa chini jikoni. Nikampima Elieth: kahawia. Nikambembeleza mama mkwe ateme mate. Kahawia iliyokolea!

Huyu ndiye aliyeahidi mbele ya jumuiya kwamba Kwaresima hii hagusi sukari. Hata asali kaleta kwa ajili yetu, yeye haonji. Nilishindwa kujizuia. Nikamweleza, kwa heshima zote, kwamba kipimo kimemuumbua. Kaanza kufunga mizigo yake. Elieth analia, kampigia simu Sostenes.

Ijumaa, 14 Machi
Sostenes kaja na mashine yake. Kwanza akachovya kipimo changu kilichobaki kwenye ndoo ya maji. Kahawia! Ndoo yetu inaumwa! Akakinusa, akauliza nimegandishia nini. Nikamwambia.

Mama mkwe akaweka mzigo chini. "Baba Blessing," akaniambia, "umepima asali yangu."

Walicheka mpaka majirani wakaja. Kisha Sostenes akatunawisha mikono wote kwa sabuni, mimi mara mbili, akachoma vidole. Mama mkwe mzima. Elieth mzima. Kufika kwangu, kicheko kikamkauka. Mashine haikutoa namba, iliandika tu kwamba imezidi kiwango chake. Akaniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake.

"Shemeji, twende hospitali sasa hivi. Nakuomba."

Elieth alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Mama mkwe kanishika mkono, mkwe wangu, kanishika mkono! Nimeshtuka sana. Nikawaambia nitakwenda Jumatatu.

Jumamosi, 15 Machi
Nimewaza vizuri. Mashine inayoshindwa kutoa namba ni mbovu. Ingekuwa yangu wangenicheka mpaka Pasaka! Jumatatu siendi popote.

Kosa langu nimeshalijua: asali ni tamu mno. Soda ya chungwa ikichemshwa nayo inanata. Nimenunua tatu. Moja ya gundi, mbili za hii kiu.