Niliyowaeleza Mahujaji Kuhusu Likoma

Liuli, Jumapili, 21 Juni 1953.
Padre ametangaza baada ya misa: watu wetu watapanda meli kwenda kisiwa cha Likoma, ng'ambo ya ziwa, Nyasaland, sikukuu ya Mtakatifu Petro. Akauliza ni nani anayeifahamu nchi ile. Mkono wangu ukanyanyuka kabla sijashauriana nao. Sijawahi kufika. Lakini Mama Lusia alikuwa akitazama, na binti yake Lusia ndiye ninayetaka kumwoa. Dunstan, fundi cherehani, naye akanyoosha mkono. Mwongo yule! Naye anamtaka Lusia.

Jumanne, 23 Juni.
Nimewakusanya wasafiri uwanjani kwa Mama Lusia nikawaeleza ya kutarajia. Nyasaland ni nchi ndogo, ya kale, ina heshima zake. Kisiwani hakuna muhogo. Kila mtu abebe wake. Kanisa kuu halikanyagwi kwa miguu mitupu. Lugha yao ngumu mno, yatoka puani. Mtu asijibu neno mpaka nitafsiri. Bibi Tadea akauliza nilijifunzia wapi. Nikasema kule kule. Mama Lusia akatamka mbele ya watu kwamba atakayewapeleka na kuwarudisha salama, huyo ndiye mkwe. Nimekula ugali wa watu wawili.

Alhamisi, 25 Juni.
Dunstan anaeneza habari kwamba kule mwanamke hashuki melini bila blauzi yenye kola. Akina mama wote wako kwake, cherehani haipoi. Nikaenda kumweleza Mama Lusia kwamba kola huko huvaliwa na wajane tu. Jioni wamerudi kwa Dunstan kuzing'oa. Bibi Tadea ni mjane, amebaki na yake. Tena ameazima viatu vya mjukuu wake anayesoma. Vinambana. Nimemwambia vitalegea majini.

Jumamosi, 27 Juni. Melini.
Mwera, upepo wa kusini, unavuma. Ziwa limechafuka. Nimetapika upande wa kushoto, Dunstan upande wa kulia. Katikati yetu, magunia ya muhogo. Nimemsikia akimnong'oneza baharia: "Kaka, Likoma iko upande gani?" Furaha gani hii! Nikamwambia aone haya. Akaniuliza kama mimi najua. Nikainama tena ukingoni, safari hii kwa hiari yangu.

Jumapili, 28 Juni. Likoma.
Ufukwe mzima umeanikwa muhogo. Mweupe pe! Watoto, wazee, hata wazee wa kanisa, wote miguu mitupu. Akatujia mama mmoja akatusalimia. Nikawanyamazisha watu wangu, nikasikiliza, nikaelewa kila neno. Kinyasa! Kinyasa chetu hiki hiki tulichonyonya. Nikatafsiri hata hivyo. Bibi Tadea akasema amesikia.
Kumbe mama yule ni binti wa shangazi yake Mama Lusia, hawajaonana tangu utoto. Wakakumbatiana wakalia. Kisha Mama Lusia akafuta machozi akanigeukia.
"Ignatio, baba, hapa ulifika lini?"
Nikasema zamani.
"Zamani ipi?"
Nikasema kabla ya muhogo.

Jumatatu, 29 Juni.
Sikukuu. Kengele, umati, kanisa kubwa kuliko nilivyowahi kudanganya. Bibi Tadea alikwama njiani. Visigino vimechubuka, vinatoka damu. Akakaa juu ya jiwe akilia kimya kimya. Tangu usichana wake alikuwa akiomba alione kanisa hili. Nilitaka kumwomba radhi. Nikajikuta nasema viatu vyenyewe si vya Nyasaland. Mimi na Dunstan tukaanza kubishana ni nani ambebe, au tuseme ni nani asimbebe. Frederick, seremala wetu, ambaye hajafungua kinywa tangu Liuli, akachuchumaa, akampakia bibi mgongoni, akaenda naye mpaka mbele ya altare. Lusia akafuata na viatu mkononi. Niliona alivyokuwa akimtazama Frederick. Sikuupenda mtazamo ule.

Alhamisi, 2 Julai. Melini, kurudi.
Mama Lusia ametangaza kwamba mkwe ni Frederick. Frederick akasema, "Asante, mama." Wote wakashangilia kana kwamba amehubiri. Dunstan amelia. Nimemfariji: nimemwambia tangu mwanzo hakuwa na nafasi.
Jioni nilihamia mbele ya meli, mbali na vicheko. Hapo nikamkuta mzee mmoja wa Likoma anayekwenda kumwona mwanawe, kibarua wa kahawa Mbinga. Nikamwamkia shikamoo. Akaniuliza kama naijua milima ya huko, ya Umatengo, maana yeye hajui lolote na anaogopa. Mimi milima ile naiona kwa mbali tu. Nimesikia kwamba Wamatengo hulima kwa mashimo.
Nikamwambia asihofu, ni watu wema. Ila wanaishi mashimoni. Tukishuka Liuli nitamtafutia ngazi.