Turubai la Bi Tausaga

Jumanne, 4 Februari
Sijalala. Jirani yetu Bi Tausaga ametundika turubai jipya uani kwake, karibu na ua wa mbao unaotutenganisha, na chini yake anachoma nyama! Cheche moja, na upepo huu wa Wellington, nyumba yangu kwisha. Jumapili mke wangu Noeline anatimiza miaka sitini. Dada zake wote wanakuja kula chini ya turubai letu, nililolifunga kwa mikono yangu. Nimewapigia simu manispaa. Sikutaja jina. Binti wa mapokezi akasema sawa, Bwana Mervyn, atatumwa mkaguzi.

Alhamisi, 6 Februari
Sikukuu ya taifa, ya Waitangi. Manispaa wamefunga. Na Bi Tausaga amewasha umu, lile tanuri la mawe la Wasamoa! Moshi! Nimekaa uani na mpira wa maji tangu asubuhi. Akachungulia juu ya ua: "Kaka Mervyn, unamwagilia saruji ili iote nini?" Wageni wake wakacheka mpaka basi. Akanipitishia sahani ya magimbi na nguruwe. Nimekula kwa wasiwasi. Nimemaliza yote.

Ijumaa, 7 Februari
Mkaguzi amekuja, mwanamke aitwaye Hinewai. Turubai la Bi Tausaga: mita moja na nusu kutoka mpakani, nguzo za chuma, salama. Nikamwomba apime vizuri. Akasema na la kwangu atalipima vizuri vilevile. Sentimita arobaini! Nguzo za mbao, jiko la gesi chini yake. Nikamwambia moto ukiwaka nitaungua mimi, manispaa inawahusu nini? Akasema yeye hapimi kama nitaungua. Anapima kama moto wangu utavuka kwa jirani. Yaani hatari ni mimi! Ameagiza nilishushe leo hii.  

Jumamosi, 8 Februari
Nimepata dawa. Turubai liko karibu mno na ua? Basi ua usogee! Bi Tausaga alipokwenda sokoni nikang'oa nguzo ya kwanza. Ua wote ukalala juu ya nyanya zake. Nimejificha bafuni.

Jumapili, 9 Februari
 Noeline alibeba keki yake ya pavlova, akapita palipokuwa na ua, dada zake nyuma yake, mpaka chini ya turubai la Bi Tausaga. Tumekula huko mchana kutwa. Noeline amecheka kama ambavyo sijamsikia akicheka miaka mingi. Bi Tausaga aliniweka mbali na jiko, eti, "Ili roho yako itulie, kaka." Nusura nilie. Nilikula sahani tatu.

Jumatatu, 10 Februari
Sijalala. Ukoo mzima chini ya turubai moja, jiko linawaka, na ua wa kuzuia moto haupo! Nimewapigia simu manispaa. Sikutaja jina. Binti akauliza, ua umekwenda wapi, Bwana Mervyn?