Daktari Mwenye Chunusi

Watu walimwita Profesa kwa sababu ya mdomo wake, si kwa sababu ya shule. Siku hiyo alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya saluni, soda mkono mmoja na sigara mkono wa pili, akiwasikiliza kupitia dirisha wanawake wanne waliokuwa wakilalamikia nyuso zao. Mmoja alikuwa na chunusi, mwingine madoa, wa tatu krimu ya kujichubua ilikuwa imemuunguza mashavu, na wa nne hakuwa na tatizo lolote ila hakutaka kuachwa nyuma. Walikuwa wamejaribu kila kinachouzwa. Profesa akaizima sigara taratibu, kama mtu aliyesikia wito.

Lazima ikubaliwe kwamba yeye mwenyewe hakuwa na uso wa kufanyia biashara hiyo. Katika umri wa miaka arobaini na mitano alikuwa bado na chunusi za ujana, vifuko chini ya macho, na midomo iliyoiva kwa moshi. Asubuhi alipojitazama kwenye kioo nusura aseme shikamoo, maana aliyemwona mle alikuwa mkubwa kwake.

Kesho yake aliingia saluni amevaa koti jeupe alilonunua kwa muuza nyama, limefuliwa likatakata isipokuwa pale karibu na mfuko. Mkobani alikuwa na chupa ndogo za maji yaliyochemshwa na vipande vya tango. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yote. Ujanja wenyewe ulikuwa kwenye karatasi ya masharti iliyozungushiwa kila chupa. Mgonjwa alale mapema, anywe maji ya kutosha, aachane na soda na sigara, asipake krimu nyingine yoyote, afue foronya kila wiki, asishikeshike uso, na jua la mchana alikwepe au avae kofia pana. Masharti hayo hakuyabuni. Ni yale aliyogombezewa na dada yake muuguzi miaka nenda miaka rudi. Yeye aliyapanga tu kwa mwandiko mzuri. Aliamini hakuna binadamu anayeweza kuishi hivyo. Mteja akirudi kulalamika, ataulizwa kama foronya ilifuliwa, atatazama chini, na kesi itakuwa imekwisha. Wale wanne wakanunua wote.

Wiki sita baadaye akawaona wale wanne wakimjia barabarani kwa pamoja. Akatafuta uchochoro, hakuuona. Wakamkamata mikono na kumshukuru. Chunusi zilikuwa zimenywea, madoa yamefifia, na aliyeungua alianza kurudia mashavu yake. Katika kundi lile lote aliyeshangaa alikuwa daktari peke yake.

"Lakini daktari," akauliza yule wa nne, "mbona wewe mwenyewe uko hivi?"

"Dada yangu," Profesa akajibu kwa upole, "kila dawa huijaribu kwanza usoni kwangu. Haya yote unayoyaona yalikuwa yawapate ninyi."

Mmoja wao akafuta machozi. Profesa naye kidogo alie, kwa jinsi alivyojihurumia.

Aliyesikia habari hiyo bila kulia ni msusi, mwenye saluni. Alikuwa mama wa makamo asiye na maneno mengi, na kwa sababu hiyo Profesa alimweka kwenye fungu la wajinga. Msusi akamkaribisha chai, akamweleza kwamba mwenye duka la vipodozi mtaa wa pili anataka kuinunua siri ya dawa moja kwa moja, kwa bei ambayo wao wawili wangegawana na kupumzika. Tatizo ni kwamba tajiri yule hangenunua dawa ya ngozi kwa mtu mwenye ngozi ile.

"Jitibu kwanza," akasema. "Chumba cha nyuma kipo. Nitakusimamia mwenyewe."

"Tatizo, mama, dawa yenyewe ni..." Profesa akajishika. Hakuweza kumwambia ni maji. "Ni kali," akamalizia.

"Basi tutafuata masharti yake yote," akasema msusi, akaichukua pakiti ya sigara ya Profesa iliyokuwa mezani.

Hivyo ndivyo Profesa alivyofungwa kwa sheria alizoandika mwenyewe. Usingizi ulimchukua kabla hajaumaliza uwongo wa siku hiyo. Alikunywa maji mpaka akahisi anasikika akitembea. Akinyoosha kidole kuelekea kidevuni, msusi alikohoa kutoka chumba cha pili. Siku ya tisa alijaribu kuvuta kijiti cha mwavuli kama sigara. Kila Ijumaa mwenye duka alikuja kumbonyeza mashavu kama anayechagua nyanya, akaondoka akitikisa kichwa kwa kuridhika. Chupa zilizobaki msusi alionja moja, nyingine akaziuza kwa niaba yake, na mapato akamtunzia.

Wiki ya saba Profesa aliamka akakuta kwenye kioo mwanamume nadhifu asiyemjua. Akatoka mbio kumwonyesha msusi. Saluni ilikuwa tupu: hakuna viti, hakuna vioo, hakuna hata kitana. Aliyesimama mlangoni ni mwenye duka, ameshika karatasi ya maelezo ya kupika dawa. Siri ya dawa alikuwa ameilipia yote kwa msusi tangu juzi. Leo ndipo alikuwa ameichemsha, akaionja, akafika haraka.

"Hii ni maji na tango," akasema, akimshika kola.

Profesa alikuwa amechoka, amelala vizuri, na hakuwa na senti. Labda ndiyo maana akasema kweli. Alieleza kwamba dawa haikuwahi kuwepo, kwamba uso wake umetengenezwa na usingizi, maji, foronya safi na kuacha sigara, na kwamba hata yeye mwenyewe ameibiwa.

Mwenye duka akauchunguza ule uso laini kwa karibu.

"Tapeli mkubwa wewe," akasema. "Unataka niamini umepata ngozi hii kwa kulala? Sema umeficha nini."

Profesa akavuta pumzi. Akatazama huku na huku, akashusha sauti, akakiri kwamba kweli upo mzizi mmoja ambao hakumtajia hata msusi. Huchimbwa kabla jua halijachomoza, na mchimbaji hatakiwi kuongea na mtu njiani.

"Subiri," akasema mwenye duka, akaachia kola na kuanza kupapasa mifuko yake akitafuta kalamu.