Mafuta Yangu ya Magoti na Ile Kura Yenu

Kwako Daktari Mkuu,

Natumaini hujambo, na kwamba foleni ya asubuhi haijakumaliza. Mimi ndiye mtengenezaji wa mafuta ya magoti, yule mwenye chumba nyuma ya duka la viatu. Nilikuomba uyathibitishe mafuta yangu, ukakubali, nikashukuru. Sikujua kwamba utawapigia wagonjwa kura kama watoto wanaogawana timu za mpira: nusu wapake mafuta yangu, nusu wapake dawa yenu ya kawaida. Kwa heshima zote, nalalamika:

1. Kura haina adabu. Yule tarishi mcheshi, ambaye goti lake lilishaanza kupona lenyewe, imempeleka upande wenu; orodha niliichungulia mezani kwako. Mimi nimeangukiwa na mwalimu mstaafu aliyenuna tangu azaliwe. Nilipotaka kuchagua mwenyewe ulinijibu, "Mzee, utatuletea wanaokaribia kupona, halafu tutajuaje kama ni mafuta yaliyowaponya?" Daktari, kwani nani hupeleka sokoni nyanya zilizooza?

2. Chupa zote zimefanana, hazina hata picha yangu. Mgonjwa asiyejua kwamba amepaka mafuta yangu atajuaje kwamba amepata nafuu?

3. Muuguzi anayepima magoti naye amefichwa nani kapaka nini. Nilijaribu kumnong'oneza kwenye korido, akaziba masikio kwa vidole, mtu mzima na sare yake!

4. Mnawahesabu hata walioacha kupaka kwa sababu ya kuwashwa. Asiyevumilia si mgonjwa wangu. Na wale kumi na mmoja ambao hawajapona, naomba ihesabiwe kwamba hawakuja kabisa. Tukiwaondoa hao, mafuta yangu yameponya kila mtu.

Kwa hiyo kura ifutwe, mwalimu arudi kwenu, tarishi aje kwangu, kabla matokeo hayajabandikwa Ijumaa. Kibao changu kimeshaandikwa "Yamethibitishwa", na rangi imekauka.

Nisalimie wauguzi, mlinzi wa getini, na yule mama wa masijala anayenipotezea faili kila mara.

Ni mimi, ninayekuheshimu licha ya yote,

Muuza Mafuta

Tanbihi: Kesho asubuhi namleta mama yangu mzazi. Goti limevimba, hata kwenda msalani anashikiliwa, na sina mama mwingine. Kwake nakusihi msipige kura. Mpeni dawa yenu.