Seli za Figo Zilizoikataa Mbege Yangu

Kilema,
12 Agosti 2004

Kwako Mkuu wa Maabara ya Vipokezi, Moshi Mjini,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama nimekuzidi mimi, basi marahaba, tuendelee.

Mimi ni Mektrida, Mama Primus, mpika mbege wa huku Kilema. Tangu mwaka 1971 hakuna harusi ya ukoo wetu iliyonyweshwa na mtu mwingine, na hakuna bibi harusi aliyerudishwa kwao. Naandika kwa masikitiko makubwa, na kwa kalamu ya kuazima, kulalamikia uamuzi wa seli zako.

Eunike uliyemwajiri hapo, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuja mwezi uliopita akaomba chupa moja ya mbege yangu na moja ya jirani yangu Kornelia. Alisema mnachunguza jinsi mwili unavyotambua kitu kichungu, na mbege, kama ujuavyo, ni ndizi na ulezi, na uchungu wake ni magome ya mti wa msesewe. Alinieleza taratibu, mtoto yule ana adabu: seli ina vipokezi, mfano wa vitasa juu ya ngozi yake. Mnainywesha rangi fulani. Kitu kichungu kikigusa kipokezi, kalsiamu inafumuka ndani ya seli, rangi ikikutana na kalsiamu inang'aa kijani, na mashine inasoma ule mwanga. Nikampa chupa kwa moyo mweupe.

Majibu yamekuja. Ya Kornelia imewaka kama karabai. Yangu, giza.

Ingebaki siri ya maabara ningemeza mate nikanyamaza. Lakini Filemon, mwenyekiti wa kamati ya harusi, amezipata habari, naye tangu anunue simu ya mkononi anapenda sana sayansi. Ametangaza kwamba kipimo ni kipimo, kwa hiyo mbege ya tarehe 28 atapika Kornelia. Harusi yenyewe ni ya Primus, mwanangu wa kumzaa. Nitakaa kwenye kiti cha mama wa bwana harusi nikinywa mbege ya jirani, na ndizi zangu ziko darini zimeshaanza kunukia. Nimeumia, Mkuu, sitaki kukuficha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Eunike amekiri kwamba asili ya seli hizo ni figo. Tangu lini figo ikaonja pombe? Figo hukutana na pombe ikiwa imeshamaliza kazi yake. Ati zimepandikizwa kipokezi cha ulimi. Hata mimi nikivaa kofia ya askari, nani atanipigia saluti?

2. Wageni hao, yaani seli, walifungiwa gizani saa nzima wakinyweshwa rangi, wakaketishwa kwenye sahani yenye vishimo tisini na sita bila mzee wa kuwaongoza, bila salamu, kisha wakapewa dakika mbili watoe maoni. Kwetu, mtu ukimpa dakika mbili hajamaliza hata kuuliza hali ya ng'ombe.

3. Vishimo vya pembeni vilipewa kwinini chungu, kuhakikisha seli ziko macho. Nimeambiwa ziliwaka sana. Mimi nikiona mgeni wa meza ya pili kaletewa kwinini, nami ningetulia kimya nisije nikaletewa.

4. Mbege yangu ilichujwa mpaka ulezi wote ukabaki kwenye karatasi, halafu ikazimuliwa kwa maji mara mia. Ya Kornelia nayo ilifanyiwa hivyo hivyo, najua, Eunike amenirudia mara tatu. Sioni hilo linanisaidia nini.

5. Seli zenyewe zimetoka ng'ambo ndani ya barafu. Soko huria lilipoingia nchini tulipokea mitumba tukashukuru, hata koti nililovaa sasa hivi lilikuwa la Mjerumani fulani. Lakini ndimi za mitumba, hapana. Hapo mmevuka mpaka.

Kwa hiyo naomba hukumu ifutwe. Seli zije zionje upya hapa Kilema, siku ya soko, zikae kwenye benchi na zinywe kwa kata kama watu wengine, kuanzia asubuhi mpaka zitakapoanza kuimba. Kila moja itaje jina na parokia yake. Zisizo na parokia zitafundishwa, katekista yupo. Na kama safari itazishinda, basi itolewe figo moja ya Filemon ije kutoa ushahidi. Anazo mbili, na mimi ndiye ninayejua zimekunywa nini miaka yote hii.

Nisalimie Eunike, mlinzi wa geti, anayeosha vyombo hapo, na zile seli za kwinini, maana hazikunikosea kitu.

Ni mimi niliyedhulumiwa kisayansi,
Mektrida, Mama Primus

Nyongeza: Katika kutafuta bahasha nimekuta kikapu cha msesewe nyuma ya mlango wa jiko, kimejaa kama kilivyoletwa. Ile mbege niliyompa Eunike haikutiwa gome hata moja. Seli zako zimesema kweli. Kusahau si kitu, kila mpishi husahau. Lakini mpishi huonja kabla ya mgeni, na mimi niliionja mara tatu, nikasema imekaa sawa. Tangu Pasaka ulimi wangu hautofautishi msesewe na maji, na sijamwambia mtu, hata paroko. Basi barua hii uihesabu kama haikuandikwa. Ila naomba kuuliza: seli hizo zinakula nini, na unaweza kuniazima vishimo vichache vinionjee mpaka harusi ipite? Nitakuja Jumatatu na chupa ya chai ya kuzibebea. Primus ndiye wa mwisho. Nimpikie huyu tu, baada ya hapo Kornelia na apike.