Nimempeleka Baba Makao ya Wazee, Nusura Nibaki Mimi

Kabla hamjaisikia kwa watu wengine, acheni niwaambie mwenyewe humu kundini: leo nimedhalilika, tena mchana kweupe, tena mbele ya mkwe.

Mnajua mpunga wetu uko upande wa Malinyi. Ukianza kutoa masuke, nyumba nzima tunahamia shambani kuamia ndege wasiumalize, miezi miwili na zaidi. Baba anabaki Ifakara peke yake. Mwaka jana alipata homa, akakaa nayo siku tatu bila kumwambia hata jirani. Mwaka huu nikasema hapana. Kuna makao ya wazee nje kidogo ya mji, wanapokea hata mtu wa msimu mmoja. Tukaangalie. Baba akakubali kwa shingo upande. Nilichoomba ni kimoja tu: apapende, nami nipate usingizi huko shambani.

Sasa tuelewane kuhusu sura. Baba ana miaka themanini na moja, lakini ni mwembamba, amenyooka, na asubuhi alikuwa amepaka piko nyeusi kichwa kizima (na masharubu). Akavaa suti ya Pasaka. Mimi nina hamsini na sita. Nywele zangu ni nyeupe pe tangu nina thelathini, ukoo wa mama ndivyo ulivyo. Halafu juzi nikategua mguu kwenye jaruba la mpunga. Baba akanipa fimbo yake: "Shika hii, usije ukaanguka ukanitia aibu."

Tukafika. Yeye akashuka kwenye bajaji kwa kuruka. Mimi nikashuka kinyumenyume, naguna. Muuguzi, binti mmoja mchangamfu, akaja mbio kunishika mkono. "Shikamoo babu." Nikaitika marahaba. (Ningefanyaje? Shikamoo hairudishwi.) Akamgeukia Baba. "Shikamoo baba. Umetuletea mzee wetu?"

Baba akanitazama. Akamtazama binti.

"Ndiyo," akasema. "Nimemleta."

Nilitaka kusahihisha, Mungu ni shahidi. Lakini macho ya Baba yalikuwa yanacheka kwa mara ya kwanza wiki nzima. Nikajisemea, mwache afurahi, akifurahi atapapenda. Ujinga wangu ulianzia hapo.

Nikakalishwa kwenye kiti cha magurudumu, tukatembezwa. Kusema kweli ni pazuri. Vitanda vina neti zisizo na matundu, choo kina vyuma vya kushikilia, muuguzi yupo muda wote, wazee wanapiga soga barazani huku wanachambua maharage. Mabaya nayo yapo. Geti linafungwa saa kumi na mbili jioni. Redio ni moja na bibi mmoja ameishikilia kibabe. Na wali ni Jumapili tu.

"Jumapili tu?" Baba akauliza. "Hapa hapa Kilombero, kwenye mpunga?"

"Ndivyo ratiba ilivyo, baba."

Baba akashika kichwa kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Kisha yakaja maswali, yote akiulizwa yeye.

"Anakula mwenyewe?"

"Kula anakula. Kumsimamisha ndiyo kazi."

"Chooni anafika?"

"Mchana anafika."

Nikaona sasa basi. "Dada, nisikilize. Huyu ni baba yangu. Mimi ndiye mtoto."

Binti akanishika bega kwa huruma, akamtazama Baba. Baba akatikisa kichwa polepole. "Ndivyo anavyosema siku hizi," akasema. "Hata nyumbani."

"Pole sana, baba. Wengi huanza hivyo." Akafungua faili. "Babu, una miaka mingapi?"

"Hamsini na sita."

Akaandika. Akapigia mstari.

Kadiri nilivyopandisha sauti ndivyo walivyozidi kunibembeleza. Likaja beseni la maji ya moto, miguu ikatumbukizwa (nikiri tu, ule ulioteguka ulipata nafuu). Shati likavuliwa nisikilizwe kifua. Presha ikapimwa, ikawa juu. Ingekosaje? Basi nikiwa pale barazani, kifua wazi, kitambi mapajani, kijiko cha uji kinanijia mdomoni, nikasikia mtu anapiga hodi getini.

Alikuwa mama mkwe wa binti yangu. Ametoka Mang'ula na ndizi zake, amekuja kumwona shangazi yake. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka sita sijawahi kukaa naye bila kufunga kifungo cha juu.

"Mkwe?" akasema. Kisha akainamisha macho, akawa kama anaongea na zile ndizi. "Umehamia huku lini? Mbona hatukuambiwa?"

Yeye ndiye aliyeniokoa. Alimweleza muuguzi nani ni nani, uso wake sasa ameugeuzia ukutani. Binti wa watu akajishika mdomo. Baba akatazama saa yake, akasema muda umekwenda.

Kwenye bajaji nilikuwa nimenuna mpaka mashavu yanauma. "Baba, kwa nini umenifanyia hivi?"

"Pazuri pale," akasema. "Wana mikono mizuri, nimeona. Lakini saa nzima wananiuliza mimi, wakidhani ndiye mtoto. Wewe mzee umekaa hapo na akili zako timamu, hakuna aliyekuuliza unataka nini."

Nikaguna.

"Na wewe je, uliwahi kuniuliza?"

Nikaanza kuwahesabu niliowauliza. Tangu homa ile nimemuuliza mke wangu, nimemuuliza padri, nimewauliza hata nyie humu kwenye kundi. Yeye nilimpa taarifa tu. Moyo uliniuma, siwafichi.

"Haya, Baba," nikasema. "Unataka nini?"

"Nataka kwenda pale. Kuna watu wa kuongea nao. Ila kesho narudi peke yangu, niongee nao mwenyewe. Wewe baki nyumbani, utawachanganya."

Mke wangu ameshapigiwa simu na mkwe, kwa hiyo msihangaike kumpelekea habari. Mwenye mzee nyumbani akamuulize leo hii. Mimi somo nimelipata nikiwa kifua wazi. Nyie lipateni mkiwa mmevaa.