Biringanya Mwenye Kizibao Changu

Jumatatu, 6 Oktoba

Sijawahi kutukanwa namna hii, tena kwa rangi ya mafuta!

Ilde Frassinetti, mchoraji wa ghorofa ya juu, alitualika majirani tuione picha yake mpya kabla ya maonyesho ya Jumapili ukumbini. Mimi nilifuata divai. Akavuta shuka. Glasi ikanitoka mkononi.

Mtu mwenye kichwa cha biringanya! Amekaa ndani ya beseni la kuogea linaloelea juu ya mnara wa kanisa letu. Ameshika ndoana, anavua viatu mawinguni kama mtu avuaye samaki. Macho hana. Lakini kizibao anacho. Changu! Cha kahawia, vifungo vyeusi, cha pili kutoka juu chekundu. Mji wetu mzima wa Castelrovo hakuna kingine kama hicho.

Mafalda, mke wangu, alicheka mpaka akatafutiwa kiti. Akasema nimepatikana, hasa kichwa.

Na Jumamosi klabu yetu ya bocce, mchezo wa wazee wa kuviringisha mipira, inachagua mwenyekiti! Nani atampigia kura biringanya? Nimeapa mbele ya wote: atakayesema yule ni mimi tutaonana mahakamani.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango wa kwanza: ustaarabu. Nilimpelekea Ilde soseji nzima ya salami, nikamwomba kwa unyenyekevu akipake kile kifungo rangi nyeusi. Salami akapokea. Kifungo akakataa.

"Mzee Oreste, picha zangu zinanijia usingizini. Mimi nazipokea tu, sizipangii."

Nikamuuliza kama usingizini hakuna vifungo vyeusi. Akafunga mlango taratibu. Salami ikabaki ndani.

Gualtiero mwenye bucha, mpinzani wangu klabuni, ameshasikia. Ametundika biringanya dirishani, katikati ya soseji. Wateja wakiuliza biringanya linafanya nini buchani, anajibu: huyo ni mgombea.

Jumatano, 8 Oktoba

Mpango wa pili: vitendo. Jumatano Ilde huenda sokoni. Mafalda ana ufunguo wake, humwagilia maua. Nikapanda na kopo la rangi nyeusi ya viatu.

Nani angejua rangi ya mafuta inachukua wiki nzima kukauka? Nilikigusa tu kile kifungo, kikayeyuka chini ya kidole. Nikafuta. Kikatanuka. Nikafuta kwa mkono wa shati. Kikavimba! Nilipoacha, biringanya alikuwa na doa jekundu kifuani, kubwa kama nyanya ya kuokwa. Mlango wa chini ukalia. Nikatimua mbio, mlango nikakumbuka kuufunga.

Kidole kimebaki chekundu. Nimekisugua kwa siki, kwa limau, kwa mchanga. Kinazidi kung'aa.

Baadaye yowe juu! Nilijibanza nyuma ya kabati.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo nimeshtuka kuliko jana. Lile halikuwa yowe la hasira! Ilde ameshuka ngazi analia kwa furaha, anamkumbatia kila anayekutana naye. Eti picha yake imejiotea moyo. Mlango ulikuwa umefungwa, hakuna aliyeingia, na moyo huo hapo!

Gazeti la mkoa limeleta mpiga picha. Wanawake wa parokia wanapanda ngazi wakifanya ishara ya msalaba. Bibi mmoja mnunuzi kutoka Milano kasema moyo ndio picha yenyewe, mengine yote ni mapambo.

Mapambo! Kumbe mimi ni msanii. Nami siwezi kumwambia mtu! Nimekula tambi za tortellini nikiwa na glavu. Mafalda akauliza kulikoni. Nikasema baridi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wizi wa mchana! Gualtiero ametinga klabuni na kizibao cha kahawia, kipya kabisa, bado kina mikunjo ya dukani. Kifungo cha pili amejishonea chekundu.

"Wazee wangu," akasema huku ameshika kifua, "sikutaka kujitangaza. Lakini yule wa moyo ni mimi."

Nikaruka juu. Biringanya ni mimi! Tangu mwanzo ni mimi! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wakanikumbusha mahakama niliyoapa Jumatatu.

Gualtiero amepata kura zote ila moja. Hiyo moja naijua, niliiandika mwenyewe. Akanipa pole na soseji. Nimeila. Nzuri, kwa bahati mbaya.

Jumapili, 12 Oktoba

Sijui nianzie wapi, lakini acha niandike.

Maonyesho. Watu tele. Gualtiero kasimama kando ya picha anapigwa picha. Sikuvumilia. Nikavua glavu mbele ya wote, nikainua kidole: "Biringanya ni mimi, na moyo ni kazi ya kidole hiki!"

"Kwa hiyo ni wewe," Ilde akasema, sauti ndogo sana. Akakaa chini, pale pale sakafuni.

Biringanya si mimi. Wala si Gualtiero. Ni mama yake Ilde, Adalgisa, aliyekuwa akiuza mboga sokoni kule Carpi, kavaa kizibao cha marehemu mumewe. Kifungo kimoja kilipopotea akashona chekundu. Amekufa masika haya, na nguo zake Ilde akazitoa parokiani. Na Ilde alipouona ule moyo, alidhani mama kapita kumsalimu.

Nikatazama kifua changu. Nikamtazama Mafalda. Akaninong'oneza kwamba kizibao changu alikinunua kwenye mauzo ya nguo kuukuu ya parokia. Tena akaniuliza, kwa tumbo hilo, nilitaka kipya cha nini?

Mungu wangu! Kiangazi chote nimetembea na nguo ya marehemu! Na Ilde kila siku ananiona nayo ngazini, anaona haya kuidai. Ndipo ndoto zikaanza.

Sikumbuki nilivyokivua. Ilde akakikumbatia, akakinusa. Akasema sasa kinanuka salami. Kisha akamgeukia bibi wa Milano: picha haiuzwi, inarudi nyumbani.

"Na moyo ubaki," akasema. "Hata kama umetoka kwenye kidole cha mjinga."

Nililia. Gualtiero naye akalia, kwa kuwa mpiga picha alikuwa bado yupo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimetubu. Mafalda anaongea nami kupitia paka. Nimeapa: sitagusa tena picha ya mtu maisha yangu yote.

Nikaenda kanisani kuthibitisha kiapo. Nikapiga magoti upande nisiokaa kwa kawaida, chini ya ukuta ambapo watu wa zamani walichora siku ya hukumu. Nikainua macho.

Salaale! Shetani wa tatu kutoka kushoto, yule anayesukuma watu motoni, ana masikio yangu! Yangu kabisa, mpaka ncha! Najua amechorwa karne tano zilizopita, lakini watu wa Castelrovo hawajali tarehe. Na Gualtiero huketi benchi lile lile kila Jumapili!

Padre hula saa saba, akishakula hulala. Na nimewaza kwa makini: kile si picha, ni ukuta. Ndoo nimeshaijaza maji. Sasa natafuta sifongo.